Kuisaka Lokesheni ya Filamu Uipendayo: Kutoka Kibaha hadi Kisarawe

Prodyuza wa Dar es Salaam anapohitaji kijiji, msitu au barabara ya vumbi, mara nyingi haendi mbali. Anapita Gongo la Mboto na Pugu mpaka Kisarawe, au anashika Barabara ya Morogoro mpaka Kibaha, anarekodi sini zake, na usiku wasanii wanalala majumbani mwao. Kila siku ya kurekodi inakula gari, chakula, posho na kodi ya vifaa. Ukiipeleka timu nzima Songea, unaongeza malazi na siku za njiani ambazo kamera haifanyi kazi. Ndiyo maana shamba la babu, ambalo hadithi inatuambia liko Tabora, linaweza kuwa na minazi na mikorosho ya mkoa wa Pwani.

Anayetaka kwenda kupaona mahali ilipotengenezwa filamu aipendayo aanze hapo: atenganishe mahali pa hadithi na mahali iliposimama kamera. Kuna filamu ambazo mahali hapo pawili ni pamoja, na safari yake ni nyepesi. Hatari! ya Howard Hawks, iliyotoka mwaka 1962, inasimulia wakamata wanyama wa Momella, na kamera ilikuwa huko huko kaskazini mwa Tanganyika. Hardy Krüger, mmoja wa waigizaji wake, alipapenda hata akanunua ardhi na kuishi hapo, na hadi leo kuna nyumba ya wageni yenye jina la filamu hiyo jirani na Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, ni hadithi ya Zanzibar na ilirekodiwa Zanzibar.

Kwa filamu zetu nyingi za miaka ya 2000 na kuendelea, zile zilizouzwa kwa kanda na baadaye DVD kila kona ya mji, kazi ni ngumu zaidi, kwa sababu mahali hapatajwi. Kijiji kinaitwa kijiji tu. Hapo mtazamaji anageuka mpelelezi, na mimi naona hii ndiyo sehemu tamu kuliko zote katika safari.

Anza mwishoni mwa filamu. Kwenye shukrani utakuta wakati mwingine hoteli iliyotoa vyumba, shule iliyofunguliwa Jumamosi, au mwenyekiti wa serikali ya kijiji aliyewapokea. Kisha rudi mwanzo na uisimamishe picha kila wahusika wanapotoka nje ya nyumba. Usiangalie nyuso zao, angalia mgongoni mwao. Kibao cha shule au zahanati huandikwa sanduku la posta na mji wake, na herufi chache za “S.L.P. Kibaha” zinamaliza ubishi wote. Daladala inayopita imeandikwa njia yake ubavuni. Namba ya gari inakusaidia kukisia mwaka, maana herufi zake husonga mbele kadiri magari yanavyosajiliwa: filamu haiwezi kuwa imerekodiwa kabla ya gari linaloonekana ndani yake. Udongo nao husema. Mchanga mweupe wenye minazi iliyoinama unanukia Bagamoyo, ilhali barabara nyekundu inayopanda na kushuka kati ya mikorosho yaelekea iko upande wa vilima vya Kisarawe. Zima pia picha usikilize sauti. Honi ya treni inayopita mbali inakupeleka karibu na reli, na reli ya kati inapita Pugu, Soga na Ruvu, wakati TAZARA inaikata wilaya ya Kisarawe kwa kusini zaidi.

Mwaka wa filamu ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, na njia ya Kibaha inaeleza kwa nini. Mwaka 2017 nyumba na maduka ya kando ya Barabara ya Morogoro kati ya Kimara na Kiluvya yalibomolewa kupisha upanuzi wa barabara. Leo kuna njia nane kutoka Kimara hadi Kibaha, kipande cha kilomita 19 hivi. Filamu ya mwaka 2008 inayomwonesha kijana akishuka basi, akivuka lami nyembamba na kuingia kwenye duka lenye kibaraza imehifadhi mtaa ambao haupo tena. Ukienda huko na picha mkononi utakuta magari yanakwenda kasi mahali palipokuwa na kibaraza. Wengine huiona safari kama hiyo imeharibika. Kwangu mimi ndiyo yenye maana kubwa zaidi, kwa sababu filamu ile ya mapenzi, iliyotengenezwa kwa haraka na fedha kidogo, imegeuka kumbukumbu ambayo huenda hakuna ofisi iliyojali kuiweka. Wazee wa Kimara na Kiluvya wakioneshwa kipande hicho kwenye simu watakutajia nani alikuwa na duka lipi.

Kisarawe ni tofauti, kwa kuwa kivutio chake kikuu kinalindwa. Msitu wa Hifadhi ya Mazingira Asilia Pugu-Kazimzumbwi uko mlangoni mwa jiji, na unasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS. Ni masalia ya misitu ya pwani ya Afrika Mashariki, misitu ya kale sana iliyobaki vipande vipande. Kwa kamera una faida mbili: ukiingia hatua chache huoni nyumba wala nguzo ya umeme, na mwanga unaopenya kwenye majani hutoa kivuli kizito ambacho hadithi za mizimu na majini hukihitaji. Karibu na hapo, vilima vya Pugu vina kaolini, udongo mweupe wa kutengenezea vyombo vya kauri, na mahandaki ya machimbo ya zamani sasa ni makao ya popo. Usiingie humo peke yako wala bila tochi, na usiwashe moto. Hifadhini unaingia kwa kiingilio, unalipa serikalini kwa namba ya malipo, na unatembea na mwongozaji. Piga simu ofisi ya TFS kabla ya siku yenyewe, uwaeleze unatafuta nini. Askari wa msitu anajua ni mti gani waandaaji wa filamu huupenda, kwa kuwa yeye ndiye hukaa nao siku nzima.

Nje ya hifadhi, ardhi ina wenyewe. Nyumba uliyoiona kwenye filamu huenda ilikodishwa kwa siku tatu na mwenye nyumba hataki wageni tena. Kijijini pita kwanza kwa mwenyekiti au mtendaji, piga hodi, useme shida yako. Kibali cha Bodi ya Filamu, chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, kinamhusu anayetengeneza filamu, kwa hiyo mtalii mwenye simu yake hana haja nacho. Ukibeba droni, hilo ni jambo jingine na lina vibali vyake. Kaa mbali kabisa na kambi za jeshi. Upande wa Mlandizi kuna JKT Ruvu, na kupiga picha kambini ni kosa hata kama nia yako ni njema. Ukimpata mama aliyewapikia wasanii au mtoto, sasa mtu mzima, aliyepita nyuma ya sini, mlipe kwa muda wake. Huyo anajua mengi kuliko skrini.

Chagua msimu kwa kuitazama filamu. Majani mabichi na madimbwi yanasema masika, basi nenda Juni mvua zikiisha, kwani Aprili barabara za ndani za Kisarawe kuelekea Maneromango zinateleza. Fika mapema, uangalie vivuli kwenye sini vinaelekea wapi, upige picha yako jua likiwa upande ule ule.

Kwa anayeanza, nashauri Siri ya Mtungi, tamthilia iliyoanza kurushwa mwaka 2012. Hadithi yake na kamera yake vinakutana Bagamoyo, mitaa ya mji mkongwe bado inatambulika, na TaSUBa, chuo cha sanaa, kiko hapo hapo. Mkazi wa Mlandizi ana barabara ya Makofia ya kumfikisha huko. Wa Kisarawe atazunguka mjini na kupandia daladala ya Bagamoyo Makumbusho.

Ombi langu ni kwa watengenezaji filamu na kwa halmashauri za Kibaha na Kisarawe. Ninyi mnaorekodi, andikeni jina la kijiji mwishoni mwa filamu, pamoja na kata na mwaka. Nanyi wa halmashauri, kila kikosi kinachokuja kurekodi kiandikwe kwenye daftari: filamu gani, mtaa gani, tarehe gani. Daftari hilo halihitaji bajeti, na lingeweza kufunguliwa wiki hii.