Aibu ya siku ya kwanza isikunyime yoga

JIONI moja nilisimama nje ya darasa la yoga jijini Nairobi kwa dakika kumi nzima, mkeka kwapani, miguu ikikataa kuingia.

Mgongo ulikuwa umenisumbua kwa miezi mingi kutokana na kukaa ofisini kutwa. Daktari alinishauri nifanye mazoezi ya kunyoosha viungo. Lakini nilipochungulia dirishani, niliona watu wamejikunja kama kamba, ilhali mimi hata kufunga viatu nilifunga nikiguna. Niligeuka nikarudi nyumbani.

Juma lililofuata mwanangu wa miaka mitatu alilia akitaka kubebwa, nami nikashindwa kumwinua. Hapo ndipo nilipogundua kwamba aibu yangu ilikuwa ikinigharimu.

Je, wewe pia umewahi kurudi kutoka mlangoni? Hauko peke yako. Wengi huogopa kuchekwa, huogopa kuwa wanene au wazee mno, au huona haya kwa kuwa hawana mavazi ya kubana.

Hebu tumtazame B.K.S. Iyengar, mmoja wa walimu mashuhuri zaidi wa yoga duniani. Alizaliwa mwaka wa 1918 kusini mwa India, na utotoni alikuwa dhaifu, akiandamwa na malaria na kifua kikuu. Mwaka wa 1934 alienda mjini Mysore kwa shemeji yake, Krishnamacharya, aliyekuwa mwalimu wa yoga. Kijana huyo alikuwa mkakamavu wa viungo kiasi kwamba akiinama, mikono haikufika miguuni.

Hata hivyo hakukata tamaa. Baadaye alieneza matumizi ya mikanda, vipande vya mbao na viti ili asiyeweza kujikunja naye apate kufanya mazoezi. Alifariki mwaka wa 2014 akiwa na umri wa miaka 95.

Kwa hivyo anayeanza afanye nini?

Kwanza, chagua darasa la wanaoanza na ufike mapema. Mwambie mwalimu kwamba ni siku yako ya kwanza, na umtajie maumivu uliyo nayo. Wajawazito, wenye shinikizo la damu na wenye maradhi ya macho au mgongo wamwone daktari kwanza.

Pili, usile chakula kizito saa mbili au tatu kabla ya mazoezi. Vaa nguo yoyote isiyokubana wala kukufunua unapoinama. Viatu huvuliwa.

Tatu, sikiliza pumzi zako. Ukiona unahema au unazizuia, umejilazimisha mno. Kuvutwa kwa misuli ni kawaida, lakini maumivu makali ni amri ya kuacha. Ukichoka, piga magoti, kalia visigino, kisha inama hadi paji la uso liguse mkeka. Huo ni mkao halali wa kupumzika, na hakuna atakayekushangaa.

Wapo pia wanaohofia imani yao. Ni kweli kwamba yoga ilitokana na mafundisho ya kale ya India, na ipo inayofundishwa pamoja na ibada. Lakini madarasa mengi ya siku hizi hufundisha mazoezi na kupumua tu. Muulize mwalimu mapema, na usiposhawishika, tafuta darasa jingine.

Niliporudi, nilijibanza safu ya nyuma nikingoja kuchekwa. Hakuna aliyenitazama. Kila mmoja alikuwa akipambana na magoti yake mwenyewe! Mwishoni tulilala chali kimya, na jirani yangu akaanza kukoroma.

Mwenda pole hajikwai. Miezi kadhaa imepita na vidole vyangu bado havijagusa sakafu. Lakini mwanangu akilia kubebwa, nakunja magoti, navuta pumzi, namwinua.