Jicho la Nyuma ya Tela

Yeyote aliyewahi kumtazama utingo akilirudisha lori kinyumenyume, huku akiligonga bodi kwa kiganja na kuita "njoo, njoo, njoo", atafahamu mara moja mushkili uwapatao Wamarekani wanaosafiri na nyumba zao nyuma ya gari. Kwani tela la safari, lenye vitanda, jiko na choo ndani yake, aghalabu huwa na urefu wa futi 25 au zaidi, nalo huiziba nyuma ya pikapu ilivutayo hata kioo cha ndani kikawa hakionyeshi kitu ila ukuta. Kamera ya pikapu yenyewe, ambayo tangu Mei 2018 ni lazima katika kila gari jipya dogo la nchi ile kwa mujibu wa sheria iliyopewa jina la Cameron Gulbransen, mtoto wa miaka 2 aliyefariki kwa kugongwa na gari lililokuwa likirudi nyuma, humfaa dereva anapolitafuta tela ili aliunge. Likishaungwa, haioni tena kitu.

Ndipo ikahitajiwa kamera ya pili, ifungwayo juu kabisa nyuma ya tela, ipeleke picha kwa mawimbi ya redio hadi kwenye skrini iliyo mbele ya dereva. Huitwa kamera isiyo na waya, na jina hilo limewapoteza wengi, maana kisafiricho bila waya ni picha tu, ilhali kamera yenyewe yataka umeme wa volti 12, na sharti utoke mahali. Aghalabu huchukuliwa kwenye vitaa vyekundu vya ukingoni juu, ambavyo nyaya zake zimekwisha kufika pale. Basi kamera haiwaki mpaka taa za gari ziwashwe, hata mchana wa jua kali. Swahibu yangu aishiye Ohio aliifungua na kuifunga kamera yake mara tatu, akiamini kwamba ni mbovu, hadi mkewe alipowasha taa na picha ikatokea.

Wakati wa kuifunga kamera, kila skrubu iingiayo ukutani mwa tela yafaa izungushiwe gundi nzito mpaka ifurike kingoni, kwani maji ndiyo hasimu mkubwa wa nyumba hizi, ambazo nyingi zina mbao ndani ya kuta.

Mawimbi nayo yana tabia yake. Kamera nyingi hutumia masafa ya gigahezi 2.4, yale yale ya intaneti ya nyumbani, nayo hudhoofika yakikutana na bati na alumini. Kwa hiyo umbali ulioandikwa kwenye boksi, uliopimwa mahali peupe, usiutegemee. Picha ikikatika, antena ivutwe kwa waya hadi uso wa tela, karibu na pikapu.

Baada ya hayo, mtu na asimame nyuma ya tela, upande wa kushoto wa dereva, anyanyue mkono. Akionekana kuliani mwa skrini, picha igeuzwe kwenye mipangilio kabla gari halijasogea hata shubiri moja, kwa sababu tela likirudi nyuma hukata kona kinyume cha usukani, na dereva anayezigeuza pande mbili kwa pamoja akilini mwake atalipachika mtini. Wala kamera haioni tawi lililo juu ya paa. Swahibu yangu husimamisha gari, akashuka, akainua kichwa na kutazama, ndipo akaendelea.