Mtoto akiziba masikio, usikimbilie kiboko

Je, mwanao huziba masikio mvua inaponyesha juu ya mabati? Hulia ukimvisha sweta ya shule, akidai inamchoma? Ukaidi upo, hatukatai, lakini huenda si huo.

Mnamo 1999, Winnie Dunn wa Marekani, mtaalamu wa tiba ya shughuli za kila siku, alichapisha hojaji ya wazazi yenye maswali 125. Humo huulizwi habari za homa wala uzani. Unaulizwa kama mtoto hukataa vyakula fulani kwa jinsi anavyovihisi mdomoni, kama hushtuka akiguswa, kama huonekana hasikii akiitwa. Unajibu: daima, mara nyingi, wakati mwingine, mara chache au kamwe. Hapo mtaalamu huona ni hisi ipi inayomlemea na ipi isiyomtosha, kwani wapo pia watoto wanaogusagusa kila kitu wakitafuta kuhisi zaidi.

Jibu kweli, mzazi. Wengi wetu humpamba mtoto mbele ya daktari, kisha tukarudi nyumbani na ushauri usiomfaa. Na pengine alichohitaji ni fulana laini ya pamba ndani ya sweta, au kuketi mbali na kengele ya shule.