Mgeni wa Mpangaji Wangu

Ninapangisha vyumba Tandika, wilayani Temeke, na nikiona ndala ngeni mlangoni wiki ya pili mfululizo, huwa nauliza. Wanaoniita mmbea waendelee. Choo ni cha wote na umeme wa LUKU wapangaji wangu wanauchanga kwa vichwa. Kichwa kikiongezeka kimyakimya, wa vyumba vingine ndio wanaokilipia.

Mpangaji wangu mmoja, kijana fundi simu Kariakoo, alimkaribisha rafiki yake kutoka kwao "mpaka apate kazi". Kazi ikapatikana, rafiki akabaki. Likaingia godoro, likafuata kabati la nguo, mwisho jiko la gesi. Jioni moja kijana akaja kwangu. "Shikamoo mama. Naomba umtoe wewe, mimi namwonea aibu."

"Marahaba. Mwanangu, mkataba wangu una jina lako. Yeye simjui."

Sikumkomoa. Mgeni yuko pale kwa ruhusa ya mpangaji, na aliyetoa ruhusa ndiye anayeifuta. Haki yangu ni kumwandikia mpangaji kwamba ameongeza mtu kinyume cha mkataba, arekebishe. Nikimruka mpangaji na kupokea kwa mgeni hata elfu kumi, kesho mgeni atafungua simu yake anionyeshe muamala: mimi ni mpangaji wako, mama.

Nikamuuliza, huyo rafiki anachangia kodi? Akainamisha kichwa. Tulikuwa tumelipana miezi sita kwa elfu sitini kila mwezi, na nusu ilitoka kwa rafiki, alimtumia kijana kwa simu. Aliyelala bure unamwambia aondoke. Aliyelipa ana hoja ya kusimamia mbele ya watu, nawe unashika pesa yake ya miezi ambayo haijafika. Tena alikwishakwenda kwa mtendaji wa mtaa kuchukua barua ya utambulisho ya kufungulia akaunti ya benki. Barua ile haimfanyi mpangaji, lakini inasema anaishi hapa.

Kijana alitaka kubadilisha kitasa mwenzake akiwa kazini. Nilimkatalia kabisa. Mjini hapa wako wenye nyumba wanaong'oa mlango na hata bati, na wakifika polisi wao ndio wanaotoa maelezo. Vitu vikishatolewa nje, kila begi litasemekana lilikuwa na laki tano.

Tulifanya hivi. Aliandika karatasi yenye tarehe, kwamba ruhusa inaisha mwisho wa mwezi, na kwamba atarudisha elfu sitini, fungu la rafiki kwa miezi miwili iliyosalia. Alimkabidhi mbele ya mjumbe wetu, naye mjumbe akatia sahihi kama shahidi. Kisheria mjumbe hana nguvu ya kumhamisha mtu, lakini ni mzee anayetuzika na kutuozesha, na watu wanamstahi kuliko hakimu.

Rafiki angegoma, hatua ya kwanza ingekuwa baraza la kata. Wengi bado wanadhani baraza hilo linahukumu. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 kazi yake katika migogoro ya ardhi na nyumba ni kusuluhisha tu. Likishindwa likakuandikia hati, au siku 30 zikipita bila suluhu, unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na huko ndiko amri ya kumtoa mtu inakotoka. Polisi waite kwa vitisho au ngumi. Kwa godoro lililogoma kuondoka watakurudisha kwa mtendaji.

Rafiki aliondoka kabla ya mwezi kuisha, akapata chumba Mbagala. Pesa yake alilipwa siku hiyohiyo. Kilichotufanya tukeshe ni jiko la gesi, maana walilinunua kwa kuchanga. Mjumbe akaamua jiko liende Mbagala, mtungi ubaki Tandika. Nasikia mpaka leo hakuna aliyelipikia.