Hakuna Stima, Hakuna Choo: Likizo ya Meli Iliyoenda Mrama

Unadhani doh mob ndio guarantee ya raha? Ebu skiza hii. Februari 2013, Carnival Triumph ilitoka Galveston, Texas, na watu zaidi ya 4,000. Form ilikuwa siku nne za kujibamba hadi Cozumel, Mexico. Tarehe 10 mafuta ikavuja, chumba cha injini ikashika moto, stima ikapotea.

Shida ni hii: vyoo za meli hufyonza uchafu kwa nguvu ya stima. Stima ikienda, choo imeenda. Abiria wakapewa mifuko nyekundu za kufanyia haja kubwa, wengine wakalala kwa deki juu ya joto na harufu.

Meli ilivutwa hadi Mobile, Alabama, ikafika usiku wa Valentine's. Walirudishiwa pesa yao, na dola 500 juu. Wewe ungerudi?