Mvuke Uliokosa Wateja

Sogeeni, wanangu. Leo twende Olkaria, karibu na Ziwa Naivasha, ndani ya Bonde la Ufa. Huko ardhi inafuka. Tega sikio kwenye ufa wa mwamba: fsss!

"Nipo hapa," Mvuke unasema. "Nipo tangu zamani."

"Mjomba, mvuke unatoka wapi?"

Swali hilo lina akili! Chini kabisa kuna miamba ya moto. Maji ya mvua huzama mpaka huko. Basi huwa kama maji ya sufuria iliyofunikwa: yanachemka, yanasukuma mfuniko. Toboa tundu, mvuke utaruka juu. Uelekeze kwenye mapanga ya mtambo, yatazunguka, umeme utapatikana.

Watu walijua mvuke upo. Miaka ya 1950 walichimba visima pale. Mvuke wa maana hawakuupata. Wakaenda zao.

"Mbona hawakuendelea?"

Kwa sababu kisima cha mvuke ni ghali. Kinateremka kilomita moja au zaidi ndani ya mwamba, na huenda usiambulie kitu. Pipa la mafuta halikuzidi dola 3 hivi. Nani ajisumbue?

"Nipo hapa," ukasema Mvuke. Hakuna aliyegeuka.

Oktoba 1973, vita Mashariki ya Kati. Nchi za Kiarabu zikapunguza mafuta ya kuuza. Mwanzoni mwa 1974 pipa likakaribia dola 12. Mara nne! Kenya ilikuwa inaagiza mafuta yake yote kutoka nje. Mimi siisifu bei ya kuruka. Humbana kwanza anayenunua mafuta ya taa kwa chupa. Lakini tazameni ujanja wa hesabu: kisima hakikushuka bei hata senti moja. Mafuta ndiyo yaliyopanda, na kisima kikaanza kuonekana nafuu.

Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikuwa wamekwisha kuanza kupima. Sasa uchimbaji ukashika kasi. Mwaka 1981 mtambo wa kwanza ukawaka, megawati 15. Kufikia 1985, megawati 45.

   

"Na mafuta yakishuka bei tena?"

Nani kauliza? Mpeni karanga huyo! Mwaka 1986 mafuta yalianguka vibaya. Na mtambo mwingine Olkaria ulikuja lini? Mwaka 2000. Miaka 15 tangu 1985! Sababu zilikuwa kadhaa, ukata wa fedha ukiwamo, lakini mafuta rahisi nayo hupunguza haraka ya kuchimba. Mvuke ulikuwa palepale, ukisema "Nipo hapa."

Siku hizi mvuke unatoa zaidi ya theluthi ya umeme wa Kenya. Kuchimba bado ni ghali. Ila kisima kikishakubali, mvuke hauagizwi kwa meli, wala haubadiliki bei kwa vita vya mbali.