Kufungua injini ni mazoezi, mechi ipo kwenye kufunga

SIKU timu kubwa inapotua Uwanja wa Liti mjini Singida, Ilongero hakukaliki. Jezi za Simba, Yanga na Singida Black Stars zinapanda bodaboda, safari ya mjini inaanza. Kwenda ni mchana, kurudi ni usiku, na roho za watu zinategemea nati na bolti.

Mkongwe wa safari za namna hiyo ni Honda CG125, iliyoingia sokoni mwaka 1976. Wahandisi wa Honda waliona jinsi watu wa nchi zinazoendelea wanavyozibebesha pikipiki mizigo na kuchelewa kubadili oili. Wakatengeneza injini ngumu isiyo na mbwembwe: vavu zinasukumwa na fito, hakuna cheni ya taimingi ya kukatika. Bodaboda nyingi za Kichina za leo zimerithi muundo huo.

Kwa hiyo kuifungua si kazi. Kijana mwenye spana chache anaishusha injini kabla ya saa sita. Shughuli ipo kwenye kufunga, kama ilivyo kwa straika: kufika ndani ya boksi wengi wanafika, wavu unatikiswa na wachache.

Kosa la kwanza ni taimingi. Gia ya krenki na ya kamshafti zina alama, lazima zitazamane. Zikipishana jino moja, utapiga kiki mpaka goti liume, na hata ikiwaka haina nguvu. La pili ni kubana nati za silinda hedi upande mmoja kwanza. Zinabanwa kwa kukingama, kidogo kidogo, la sivyo gasketi inavujisha. La tatu ni nafasi ya vavu: milimita 0.08, injini ikiwa ya baridi. Ukibana mno, vavu haikai vizuri na mwisho inaungua. Ukiachia mno, inagonga kama cherehani.

Hayo yanarekebishika, na hapo ndipo fundi anapokomaa. Kila kosa lina dalili yake. Anayeisikiliza anarudi pale pale alipokosea. Asiyesikiliza anashusha injini nzima upya na kuongeza makosa mengine, sawa na kocha aliyefungwa goli moja la kona akabadili kikosi kizima. Makocha wanarudia mkanda wa mechi. Fundi naye ana simu mfukoni. Apige picha kabla ya kutoa kila kipande, bolti azichomeke kwenye boksi kwa mpangilio zilivyotoka. Nati ikibaki chini baada ya kufunga, hiyo si akiba. Ni mchezaji aliyesahaulika kambini.

Yapo makosa mawili yasiyosamehe. Klipu ya kiungo cha cheni, upande wake uliofungwa lazima uelekee kule cheni inakokwenda. Ikigeuzwa inaweza kuchomoka, cheni ikakatika na kukaza tairi la nyuma. Lingine ni kotapini ya mkono wa breki ya nyuma. Ikisahaulika, nati inalegea taratibu huku pikipiki ikitembea vizuri tu, mpaka siku breki inakanyagwa kwa nguvu.

Ndiyo maana fundi anayejiheshimu anaijaribu kwanza peke yake, bila abiria, kisha anarudi kukagua kila nati. Timu ikipoteza Liti leo, kuna mzunguko wa pili. Abiria anayerudi Ilongero usiku hana mechi ya marudiano.